Mapenzi ya kijasusi wakati wa vita: kati ya filamu hizi tano, uanze na ipi?

Kisa chenyewe ni kilekile tangu zamani. Vita vimepamba moto, upande wa adui kuna mtu ambaye risasi haimfikii, na wakubwa wamekaa mezani wakakubaliana kwamba mwanamke mmoja anaweza kumfikia. Anapewa jina jipya, anavishwa, anatumwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na huyu anatumwa akae humohumo ndani ya nguo ya adui. Kisha linatokea lile ambalo hakuna mkubwa aliyeliweka kwenye mpango: moyo wake nao unaingia kazini.

Filamu za kisa hiki ni nyingi, na anayetaka kuanza huchanganyikiwa. Ipi ya kutazama na wazazi sebuleni? Ipi itamkera? Ipi ilisifiwa kuliko inavyostahili? Hapa naziweka tano pamoja: Notorious ya Alfred Hitchcock (1946), Black Book ya Mholanzi Paul Verhoeven (2006), Lust, Caution ya Ang Lee wa Taiwan (2007), Allied ya Robert Zemeckis (2016) na Raazi ya Meghna Gulzar wa India (2018). Miisho yake sitaitoboa, ila nitagusa mambo ya katikati, maana bila hayo hakuna cha kulinganisha.

Wengi huzipanga filamu kwa tuzo au kwa majina ya waigizaji. Mimi hizi nazipima kwa deni. Mwanamke anapotumwa kutumia mwili na mapenzi yake kama silaha, nani analipa? Na filamu inathubutu kutuonyesha deni lote, au inageuza kamera mapema? Ukizitazama kwa jicho hilo, hata namna zilivyopokelewa makwao inaeleweka. Watu walilalamikia uchi, walilalamikia siasa, lakini chini ya malalamiko hayo mara nyingi kulikuwa na deni ambalo walikuwa hawataki kukumbushwa.

Kwa mwenye haraka: ukiwa na usiku mmoja tu na unataka uhakika, chukua Notorious. Kama umekulia filamu za Kihindi, anza na Raazi bila kusita. Unataka mkasa unaokimbia, chukua Black Book. Lust, Caution naiona kubwa kuliko zote, lakini ina masharti yake. Allied iache iwe ya mwisho.

Hollywood mara mbili

Nianze na hiyo ya mwisho, kwa kuwa ndiyo inayofahamika zaidi kutokana na Brad Pitt na Marion Cotillard. Mwaka 1942 mwanajeshi wa anga kutoka Kanada anashuka jangwani Morocco, anakutana mjini Casablanca na mwanamke Mfaransa, na wawili hao wanajifanya mume na mke ili wapate kumuua balozi wa Ujerumani. Kazi inakwisha, maigizo yanageuka ndoa ya kweli, wanahamia London, wanapata mtoto. Ndipo mume anaitwa na kuambiwa kwamba mkewe anashukiwa kuwa jasusi wa Wajerumani. Ataletewa taarifa ya uongo, aiache nyumbani mahali ambapo mke ataiona. Ikigundulika imewafikia Wajerumani, atatakiwa amuue kwa mkono wake mwenyewe.

Hapo pana filamu kubwa kabisa. Fikiria mwanamke anayempenda mumewe kweli, ambaye kila asubuhi anamwangalia mtoto wake na kujua kilichomo kwenye droo. Lakini filamu haikai naye. Inakaa na mume: anavyopekua, anavyokosa usingizi, anavyovuka hadi Ufaransa kutafuta ukweli. Mke tunamwona kwa nje, katika magauni yanayopendeza sana, na uteuzi pekee wa Oscar ulioipata Allied ulikuwa wa mavazi, kazi ya Joanna Johnston. Iligharimu kama dola milioni 85 na kuingiza kama milioni 120 dunia nzima, kiasi kidogo kwa filamu ya ukubwa ule, kwa kuwa sehemu kubwa ya mapato hubaki kwa wenye kumbi. Ilitoka Novemba 2016, muda mfupi baada ya habari za talaka ya Pitt, na magazeti ya udaku yaliandika zaidi juu ya hilo kuliko juu ya filamu. Zaidi ya hapo haikuzua mjadala wowote mkubwa. Inatazamika, na tukio la kujifungua nje, uwanjani, huku mabomu yakianguka London, linabaki kichwani. Ila haikumgusa mtu mahali panapouma.

Sasa rudi nyuma miaka 70. Katika Notorious vita ndiyo kwanza vimekwisha, lakini kazi yake haijaisha: Wajerumani waliokimbilia Brazil wanaendelea kupanga. Alicia, anayeigizwa na Ingrid Bergman, ni binti wa mtu aliyehukumiwa Miami kwa kuisaliti Marekani. Devlin, wakala wa serikali anayeigizwa na Cary Grant, anampeleka Rio de Janeiro, na wanapendana kabla hawajajua kazi yenyewe ni ipi. Kazi inakuja: amrudie Alexander Sebastian, rafiki wa zamani wa baba yake aliyewahi kumpenda, aingie nyumbani kwake. Baadaye Sebastian anataka kumwoa.

Tazama kinachotokea hapo. Mwanamke anamsubiri Devlin aseme neno moja la kumkataza. Devlin naye anamsubiri mwanamke akatae mwenyewe, ili athibitishe kwamba anampenda. Hakuna anayesema. Kimya hicho cha dakika chache ndicho kinachompeleka Alicia kwenye kitanda cha mtu mwingine, kisha mwanamume yuleyule aliyenyamaza anaanza kumwadhibu kwa wivu. Wanapokutana kwa siri kwenye mashindano ya farasi, wakijifanya kutazama mbio kwa darubini, anamjibu kwa maneno ya baridi kana kwamba ni yeye aliyejituma. Filamu hii ya miaka 80 iliyopita inajua kabisa nani anadaiwa na nani analipa.

Na inaonyesha bila kuonyesha. Sheria za sinema za Marekani enzi hizo zilikuwa hazitaki busu lizidi sekunde tatu. Hitchcock akawafanya wapenzi wake wabusiane, waachane, wanong'one juu ya kuku wa chakula cha jioni, waende kwenye simu wakiwa wamekumbatiana, wabusiane tena, kwa zaidi ya dakika mbili mfululizo. Kwenye sherehe ya usiku nyumbani kwa Sebastian, kamera inaanzia juu karibu na dari, inaona ukumbi mzima wa wageni, kisha inashuka polepole bila kukatika hadi kwenye kiganja cha Alicia, na ndani yake kuna ufunguo wa chumba cha mvinyo aliouiba kwa mumewe. Baadaye ni kikombe cha kahawa. Sitasema kina nini, lakini baada ya filamu hii utatazama kikombe kwa muda kabla ya kunywa.

Ilifanya vizuri sokoni mwaka ule, ikateuliwa Oscar mara mbili, kwa hati ya Ben Hecht na kwa Claude Rains aliyeigiza Sebastian, ikatoka mikono mitupu. Muda umeipandisha: mwaka 2006 iliwekwa kwenye orodha ya filamu za Marekani zinazohifadhiwa kitaifa. Kasoro yake naiona moja. Nchi iliyomtuma Alicia haiulizwi sana. Wakubwa wanamsema vibaya mezani, Devlin anawakemea, na mambo yanaishia kati ya wapenzi wawili. Kwa swali gumu zaidi itabidi uende Shanghai.

Filamu iliyoadhibiwa

Lust, Caution inaanza na mikono. Wake wa wakubwa wanne wamezunguka meza ya mahjong, mchezo wa vigae wa Kichina, mjini Shanghai, mwaka 1942, mji ukiwa chini ya Wajapani na serikali ya vibaraka ya Wang Jingwei. Vigae vinagongana, vidole vina pete za almasi, mazungumzo ni juu ya bei za vitu vilivyoadimika. Mmoja wa wanawake hao si wa hapo. Anajiita Bibi Mak, mke wa mfanyabiashara wa Hong Kong. Jina lake hasa ni Wang Jiazhi, mwanafunzi, na mume wa nyumba hiyo, Bwana Yee, mkuu wa usalama wa serikali ya vibaraka, ndiye anayetakiwa kufa.

Kinachoitofautisha filamu hii na zingine nne ni uvumilivu wake wa kuhesabu. Inarudi nyuma hadi Hong Kong mwaka 1938, ambako kikundi cha wanafunzi waigizaji wa tamthilia za kizalendo kinaamua kwamba makofi ya ukumbini hayatoshi na sasa waue kweli. Ni vijana wazuri wenye damu ya moto. Wang Jiazhi ndiye mwigizaji wao bora, kwa hiyo yeye ndiye atakayekuwa chambo. Lakini mke wa mtu hawezi kuwa bikira, na kikundi kina mvulana mmoja tu mwenye uzoefu, uzoefu wa kununua. Basi wanamkabidhi kwake. Wenzake wanajua, hakuna anayemtazama usoni asubuhi. Siku chache baadaye Bwana Yee anahamia Shanghai, na yote aliyotoa yanabaki hayana kazi.

Halafu linakuja tukio la kisu. Mtu mmoja amewagundua, na vijana wanaamua kumnyamazisha. Anachomwa, anaendelea kusema. Anachomwa tena, na wengine wanapokezana kisu kwa mikono inayotetemeka, naye bado hafi. Waliokulia filamu ambamo stelingi anaangusha kumi kwa pigo moja wataona hapa kuua ni nini. Wang Jiazhi anatoka mbio usiku, na filamu inamwacha akimbie.

Miaka mitatu baadaye anatafutwa tena, sasa na watu wa Chongqing, serikali ya China iliyokuwa ikipigana na Wajapani, wanaojua kazi. Anampata Bwana Yee. Uhusiano wao unaanza kwa ukatili, na matukio ya kitandani ambayo dunia nzima iliyazungumzia yapo hapo, marefu na ya wazi. Sitayapamba wala sitayatetea kwa maneno ya haraka. Nitasema tu kwamba ukiyaruka, hutaelewa jinsi watu wawili wasioaminiana hata kidogo wanavyofikia mahali ambapo mwili ndio wa mwisho usiosema uongo. Lakini tukio ninaloliona kubwa zaidi halina mwili wowote. Wang Jiazhi yuko chumbani na waliomtuma. Wanamwambia avumilie kidogo. Anaanza kuwaeleza, kwa sauti tulivu, anachofanyiwa na anachoanza kuhisi, kila kitu, bila kuficha. Mkubwa wake anashindwa kusikiliza, anamkatiza na kutoka. Mtu aliyempa amri ya kulala na adui hana ujasiri wa kusikia ilivyokuwa.

Tang Wei alikuwa katika filamu yake ya kwanza. Tony Leung, ambaye wengi tumemzoea kama mpole mwenye macho ya huzuni, hapa ametisha. Kuna usiku mmoja katika nyumba ya starehe ya Kijapani anaimbiwa wimbo wa Kichina wa miaka ya 1930, na uso ule uliokuwa umefungwa kama kufuli unalegea, anafuta chozi, anashika kikombe. Penzi ni kikohozi, halifichiki, hata kwa mkuu wa watesaji.

Mapokezi yake yanahitaji kuelezwa kwa urefu. Ilishinda Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 2007, miaka miwili tu baada ya Ang Lee kushinda tuzo hiyohiyo. Ikatwaa tuzo kuu za Farasi wa Dhahabu kule Taiwan. Nchini Marekani ilipewa daraja la NC-17, la watu wazima pekee, ambalo kumbi nyingi hulikwepa, na waongozaji wengi hukata filamu ili waliepuke. Lee hakukata, na huko Marekani filamu ikaingiza chini ya dola milioni tano kati ya takriban milioni 67 za dunia nzima. Baadhi ya wahakiki wa Magharibi waliiona ndefu na baridi. Taiwan ilitaka kuipeleka Oscar, ikakataliwa kwa hoja kwamba Wataiwani walioshiriki kuitengeneza hawakutosha.

China Bara ndiko kulikowaka. Toleo lililoonyeshwa huko lilipunguzwa dakika kama saba, na watu wakawa wanavuka kwenda Hong Kong kuona kamili. Hasira haikuwa ya uchi peke yake. Hadithi asilia ya Eileen Chang, iliyochapishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 baada ya yeye kukaa nayo zaidi ya miaka 20, inafanana na kisa cha kweli cha Zheng Pingru, msichana aliyejaribu kumtega mkuu wa usalama Ding Mocun mwishoni mwa 1939 na kuuawa mwaka uliofuata. Kwa Wachina wengi yeye ni shujaa aliyeifia nchi. Na Chang mwenyewe aliwahi kuolewa na mtu aliyeitumikia serikali ya Wang Jingwei. Kwa hiyo mhusika anayesitasita mbele ya kibaraka ilikuwa ni kugusa kidonda kwa kidole.

Mwaka 2008 vituo vya utangazaji viliamriwa kuacha kumwonyesha Tang Wei. Matangazo ya biashara aliyoshiriki yakaondolewa, na kazi yake nyumbani ikasimama akiwa ndiyo kwanza anaanza. Tony Leung, aliyekuwa naye kwenye matukio yaleyale, hakuguswa. Mwongozaji aliendelea na kazi. Linaniudhi hadi leo. Filamu nzima inaeleza jinsi wanaume wanavyomtuma msichana kisha wanamwachia deni, na filamu ilipokwisha, msichana aliyeigiza akaachiwa deni. Amesimama tena, nashukuru, na mwaka 2022 aliigiza Decision to Leave ya Mkorea Park Chan-wook kwa namna ambayo hakuna anayeweza tena kumfuta.

Waholanzi walipojitazama

Black Book ingeweza kuzua vurugu kama hiyo, na ikapokelewa kinyume kabisa. Rachel Stein, Myahudi aliyekuwa mwimbaji, amepoteza familia yake. Anapaka nywele rangi ya dhahabu, anajiita Ellis, anajiunga na wapiganaji wa chini kwa chini mjini The Hague, na anaombwa amtongoze Ludwig Müntze, mkuu wa kikosi cha usalama cha Wajerumani. Müntze hukusanya stempu, na Ellis anamwendea na stempu. Chombo cha kunasia sauti anachokitega yeye mwenyewe ofisini kwa Wajerumani ndicho kinachokuja kumtia kitanzi.

Kwa mwendo, hakuna kati ya tano hizi inayoifikia. Verhoeven alikuwa ametoka kuishi Hollywood miaka mingi akitengeneza filamu kama RoboCop na Basic Instinct, na alirudi kwao na ufundi wote wa kumfanya mtu asiinuke kitini. Kila dakika kumi kuna usaliti mpya. Hapo ndipo ilipo pia tofauti yake na Lust, Caution: Lee anakaa na mtu mmoja hadi inauma, Verhoeven anakukimbiza. Carice van Houten anaibeba yote, anaimba, anacheka, anaogopa. Müntze, kwa ladha yangu, amelainishwa mno. Bwana Yee anabaki mtesaji hata anapolia, lakini huyu tunaharakishwa kumpenda.

Ila robo ya mwisho ndiyo inayoipa nafasi kwenye orodha. Vita vinakwisha, bendera zinapepea, na unadhani mateso yamekwisha. Waholanzi waliokombolewa wanawageukia wanawake waliolala na Wajerumani. Kilichotokea mitaani mwaka 1945, kunyoa wanawake hadharani na kuwadhalilisha mbele ya umati, kimo humo, na Ellis, aliyetumwa na nchi yake, anawekwa kundi hilohilo na kumwagiwa uchafu. Ni tukio zito kulitazama. Verhoeven alizaliwa 1938 na vita vilimkuta mtoto The Hague, na yeye na mwandishi mwenzake Gerard Soeteman waliibeba hadithi hii karibu miaka 20. Mwaka 1977 walikuwa wametengeneza Soldier of Orange, iliyowatukuza mashujaa wa vita hivyo. Hii waliiongezea yaliyokuwa yameachwa nje, katika nchi ambayo zaidi ya Wayahudi 100,000 kati ya takriban 140,000 waliuawa, mara nyingi kwa msaada wa majirani na polisi wa hukohuko.

Na Waholanzi? Walijaa kumbini. Ilikuwa filamu ya gharama kubwa kuliko zote za Kiholanzi hadi wakati ule, ikachukua tuzo kuu za kitaifa, na mwaka 2008 wananchi wakaipigia kura kuwa filamu bora ya Kiholanzi ya wakati wote. Taifa lililokubali kuonyeshwa uso wake na likasema ndiyo, hiyo ni yetu, nalivulia kofia.

Raazi, na wimbo wa watoto

Raazi inahama bara na vita. Ni mwaka 1971, India na Pakistan zinaelekea kwenye vita vya Desemba vilivyozaa Bangladesh. Sehmat, msichana wa Kashmir anayeigizwa na Alia Bhatt, anaozwa na baba yake mwenyewe kwa mtoto wa brigedia wa Pakistan ili awe macho ya India ndani ya nyumba hiyo. Imetokana na riwaya ya Harinder Sikka iliyotoka 2008.

Jambo la kwanza utakaloliona ni kwamba nyumba ya adui ina watu wema. Baba mkwe anamheshimu. Mume, Iqbal, anayeigizwa na Vicky Kaushal, ni mpole na anampa nafasi yake, hamlazimishi lolote. Hakuna mtu wa kumchukia ili kazi iwe rahisi. Kila anapotuma ujumbe, anawaumiza watu waliompokea kama binti.

Tukio lililonikaa moyoni ni la shule. Sehmat anapata kazi ya kuwafundisha watoto wa maofisa wimbo wa kuisifu nchi, uimbwe kwenye hafla ya jeshi la Pakistan. Wimbo hautaji jina la nchi. Watoto wanaimba na kumaanisha Pakistan, wazazi wao waliovaa sare wanasikia Pakistan, na Sehmat, akiimba pamoja nao kwa macho yaliyojaa machozi, anamaanisha India. Meghna Gulzar hakuhitaji hotuba. Maneno ni ya baba yake, mshairi Gulzar, na yalimpatia tuzo ya Filmfare, tuzo kubwa za filamu za Kihindi, ya mwaka 2019, na filamu yenyewe ikatwaa za filamu bora, mwongozaji bora na mwigizaji bora wa kike.

Ilitoka Mei 2018, wakati filamu nyingi za kizalendo za Bollywood zilikuwa zinapaza sauti dhidi ya Pakistan. Hii haikupaza, na bado ilikaribia rupia bilioni mbili ikiwa na mwanamke kama stelingi. Pakistan kwenyewe haikuonyeshwa kumbini. Udhaifu wake ni wa kimbinu: Sehmat anajifunza ujasusi haraka mno, na baadhi ya siri zinapatikana kirahisi kwa nyumba ya jeshi. Lakini anapoua mara ya kwanza, anaoga na nguo zake huku akilia chini ya maji, na mwishoni anawakabili waliomtuma kwa swali ambalo Alicia wa Notorious hakupewa nafasi ya kuliuliza.

Kabla hujabonyeza

Notorious ni fupi, kama saa 1 na dakika 40, nyeusi na nyeupe, Kiingereza cha wazi. Hata babu anaweza kukaa. Allied ni saa 2 na ushei, Raazi saa 2 na dakika 20 hivi, Black Book saa 2 na dakika 25, Lust, Caution saa 2 na dakika 37.

Watoto wakiwepo, Raazi inapita, ingawa kuna vifo vinavyoshtua. Black Book ina uchi na ukatili. Lust, Caution ni ya watu wazima bila mjadala, na nashauri usiitazame na mtu ambaye mngeoneana haya. Ukiipata toleo lililokatwa, iache, tafuta kamili. Ni afadhali usiione kabisa kuliko kuona mapenzi yale yakiwa na mashimo katikati.

La mwisho ni lugha. Lust, Caution inazungumza zaidi Kichina, Black Book Kiholanzi na Kijerumani, kwa hiyo utasoma maandishi chini ya skrini. Najua wengi wetu tumezoea filamu zilizotafsiriwa na DJ, na napenda kazi hiyo kwa filamu za mapigano. Hizi zitakuharibikia. Devlin anaponyamaza, kile kimya ndicho hadithi. Sauti ya mtu ikikijaza, umebaki na watu wawili wamesimama kwenye roshani.

Mkiwa wawili na mna Jumamosi na Jumapili, ningewapangia hivi: Notorious usiku wa kwanza, Raazi usiku wa pili, kwa sababu zote mbili zinamwoza jasusi kwa adui na mtaona wenyewe miaka 72 imebadili nini. Lust, Caution ipewe usiku wake peke yake, bila simu mkononi, na kesho yake kusiwe na kazi ya mapema.